Nondo za dirishani zifunguke kutoka ndani

Kila nyumba ya Gisimenti yenye nondo madirishani iwe na angalau dirisha moja linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Mtaa huu wa Remera, jijini Kigali, hukesha wikendi na hofu ya wezi ina msingi. Hatumwambii mtu ang'oe nondo zake. Lakini nondo zilizochomelewa moja kwa moja, pamoja na kufuli ambayo ufunguo wake umefichwa chini ya godoro, humzuia mwizi kuingia na mwenye nyumba kutoka.

Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa kwa moto wa bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya: madirisha yalikuwa na nondo, mlango mmoja umefungwa. Watakaosema zimamoto wapo kwa namba 111 wanasema kweli, ila moshi huua kwa dakika chache, kabla gari halijafika. Na gharama? Bawaba mbili na komeo lisilofikiwa kwa mkono kutoka nje ni kazi ndogo kwa fundi wa kuchomelea. Wanaotoa vibali vya ujenzi waliweke sharti hili sasa, na wenye nyumba za kupangisha wapewe tarehe ya mwisho ya kulitimiza.