Sakafu ya Basi Ishuke

Basi la mwendokasi likisimama Kariakoo, mzee mwenye mkongojo huingia kwa hatua moja, hapandi ngazi. Dar es Salaam inastahili kujivunia hilo tangu huduma ianze mwaka 2016. Lakini basi lenyewe ni la sakafu ya juu; kilichoinuliwa ni jukwaa la kituo. Mzee huyohuyo akishuka apande daladala ya kwenda kwake, ngazi zinamsubiri mlangoni, na konda anamhimiza.

Ngazi hizo zina chanzo chake. Mabasi mengi ya Nairobi na daladala kubwa za Dar hufungwa bodi juu ya chasisi ya lori. Fremu ya lori hupita juu ya ekseli ili ibebe mzigo, kwa hiyo fundi wa bodi hana pa kuishusha sakafu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya Ujerumani viliamua kuliunda upya basi la mjini: injini nyuma kabisa, ekseli ya nyuma iliyoshuka katikati, na springi za upepo zinazoliinamisha basi upande wa mlango. Sakafu ikabaki kama sentimita 35 hivi kutoka barabarani, na ubao wa kukunjua ukamalizia pengo lililobaki. London ilianza kutumia mabasi ya aina hiyo mwaka 1994. Kufikia mwisho wa 2005 njia zake za kawaida zote zilikuwa nayo.

Wenye mabasi watasema matuta yetu yatalikwangua tumbo, mvua italizamisha, na matairi yaliyoingia ndani yatakula viti. Ni kweli, na hoja ya viti ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa mapato yao ni nauli ya kila kichwa. Ndiyo maana naona tuanze na basi lililo chini kuanzia mlango wa mbele hadi wa kati, huku nyuma likipanda juu ya ekseli ya kawaida ambayo mafundi wetu wanaijua.

Hasara ya viti asiachiwe mwenye basi peke yake. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma, na haki hiyo ina gharama ambayo serikali lazima ichangie. Kwa Dar, ningeanza na mabasi mlisho ya mwendokasi, kwani hayo yako chini ya mikataba ya umma na sharti la sakafu linaweza kuandikwa humo. Halmashauri nazo zifunike mitaro vituoni na kuinua ukingo, ili ubao ukikunjuliwa upate pa kutua.