Lupita kabla ya Oscar

Wadau, tukimtaja Lupita Nyong'o wengi huanzia 2014, ile Oscar. Wenye kumbukumbu ndefu watasema Shuga ya 2009, akiigiza Ayira. Mimi kazi yake ninayoiheshimu zaidi ni ile ambayo mabeste zangu karibu wote hawajawahi kuisikia: In My Genes, filamu ya makala iliyotoka mwaka huo huo wa 2009. Aliiongoza na kuitayarisha mwenyewe. Aliweka kamera mbele ya Wakenya 8 wenye ualbino, wakaongea.

Najua mtaniambia baba yake ni Profesa Anyang' Nyong'o na alikuwa anasomea Marekani. Kweli. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, kwa hivyo tusidanganyane, hatukuanzia mahali pamoja. Lakini angeweza kutumia hiyo nafasi kujitangaza tu. Alirudi nyumbani akauliza watu maswali.

Mbona inaniuma? Nilisoma upande wa Mbeere, Embu, na jua la huko halibembelezi mtu. Darasani tulikuwa na kijana mwenye ualbino. Asubuhi kwa gwaride aliambiwa avue kofia, eti si yunifomu. Masikio yakababuka hadi yakapasuka. Sisi tulicheka. Jina tulilomwita nililitunga mimi, na siliandiki hapa. Hakuna mtu alituambia ile kofia ilikuwa kinga yake. Hata sensa ya Kenya iliwahesabu kivyao mara ya kwanza 2019: watu 9,729.

Siku hizi nafanyia kontenti yangu Makutano, Meru. Vichekesho vya mzee wa miraa na bibi yake ndivyo vinalipa nyumba, sivikatai. Ila tumezoea kungoja odisheni za Nairobi, mimi nikiwa mbele kwa foleni, na hadithi tumeziacha nyumbani. Simu tunazo. Lupita alikuwa kwa runinga na bado akatoa makala ambayo hakuna mtu alimtuma.

Wiki jana nilimtafuta yule kijana WhatsApp. Nikaomba msamaha, halafu kwa tamaa zangu nikaomba kumrekodi hapo hapo. Akanyamaza siku mbili. Kisha akaandika: kuja kwanza, kamera uiache Meru.

Jumamosi napanda matatu ya Embu.