Kipchoge: Astaafu au Aachwe Akimbie?

UKITAKA kuzua ubishi mjini Eldoret si lazima utaje siasa. Ingia kwa kinyozi yeyote karibu na steji ya matatu, ukae, kisha uulize kwa upole: "Hivi Eliud Kipchoge atastaafu lini?" Mashine ya kunyolea itazimwa papo hapo.

Vijana wa chuo huja na hesabu. Septemba 2022, jijini Berlin, aliweka rekodi ya dunia ya saa 2:01:09. Machi 2024 akawa wa 10 Tokyo. Agosti mwaka huo, kwenye Olimpiki ya Paris, akaishia njiani, marathoni ya kwanza maishani mwake kutoimaliza. Mwaka 2025 akawa wa 6 London, wa 9 Sydney na wa 17 New York kwa saa 2:14:36. "Mzee, unataka ushahidi gani tena?"

Wazee hawana haraka. Watakukumbusha kwamba mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya London, na mwaka uliofuata akahamia marathoni, akashinda Hamburg. Hata Aprili 2023, alipokuwa wa 6 Boston, matanga yalianza kuandaliwa. Miezi mitano baadaye akashinda Berlin kwa mara ya tano. "Kijana, wewe ulikuwa umezaliwa alipowashinda El Guerrouj na Bekele Paris 2003?" Wengi wao walikuwa bado.

Niseme wazi kwamba hesabu za vijana zina kasoro. New York ina vilima na daraja, na hakuna wa kukuongoza kasi; kuilinganisha na Berlin ni sawa na kupima mwendo wa gari linaloteremka Iten kwenda Bonde la Kerio na la kupanda. Lakini wazee nao wanapotaja umri kana kwamba si kitu, miguu haiwasikilizi. Kipchoge alitimiza miaka 41 Novemba 2025. Ni kweli Kenenisa Bekele, akiwa na umri huo, alikuwa wa pili London 2024 kwa saa 2:04:15. Ni wangapi wengine mnaowajua?

Mimi naona ubishi huu umekosea mahali pa kugombania. Mbio za kualikwa ni kazi yake, na wanaomwalika wanajua wanachonunua. Hapo asikatazwe na yeyote. Jezi ya taifa ndiyo nyingine. Olimpiki humpa kila taifa nafasi 3 tu za marathoni kwa wanaume, na katika kambi za Kaptagat na Iten wapo vijana ambao wazazi wao waliuza ng'ombe ili wapate viatu. Nafasi moja ikitolewa kwa heshima ya jina, kuna nyumba inayolala na kilio ambacho hakitangazwi redioni. Benson Kipruto aliyeleta shaba kutoka Paris, na ambaye baadaye alishinda New York 2025, angeachwa je?

Kipchoge mwenyewe ameonekana kutangulia wabishi. Baada ya New York alitangaza kwamba atakimbia marathoni 7 katika mabara 7, Antaktika ikiwemo. Huko kwenye barafu sidhani kuna atakayemshikia saa.