Picha ya Ubao Mmoja

Katika nyumba nyingi ukuta hupambwa kwa kalenda ya duka, nayo mwaka uishapo hutupwa. Lakini iko picha nyingine imfaayo mwenye chumba kidogo, nayo ni picha ya rangi iliyochapwa kwa ubao wa kuchonga. Huenda isizidi ukubwa wa daftari, na jambo lionyeshwalo laweza kuwa la nyumbani tu, kama chungu jikoni au mama aketiye akichambua mboga.

Namna moja ya kuifanya ni hii. Fundi huchora picha juu ya ubao, kisha kwa patasi huondoa sehemu zitakazobaki nyeupe. Hupaka wino hafifu, tuseme manjano, na kuchapa karatasi zote. Ndipo huchonga tena ubao ule ule, akiondoa kila mahali apendapo manjano ibaki, akapaka nyekundu na kuchapa juu ya ile ya kwanza. Huendelea hivyo mpaka rangi ya giza, hata ubao usaliwe na mistari michache. Karatasi ikiwekwa kombo kidogo, kazi yake yote huharibika.

Tena hakuna kurudi nyuma. Aliyeanza na karatasi 20 hawezi kuongeza ya 21, kwa maana ubao wa manjano haupo tena. Watu wa Macalder, ambako mgodi wa shaba ulifungwa mwaka 1966, wajua vema kwamba mwamba uliokwisha kuvunjwa haurudi.

Mwaka 1962 Pablo Picasso alionyesha kwa njia hii bilauri na matofaa chini ya taa, ingawa yeye alichonga linoleamu badala ya ubao. Katika Uganda, Fred Mutebi, aliyesoma Makerere, amejulikana kwa picha za ubao zenye rangi nyingi.

Mnunuzi na atazame chini ya picha. Akiona 7/20 kwa kalamu ya risasi, hiyo ni nakala ya 7 katika 20, na sahihi ya fundi iwe karibu. Lakini akiona kwa kioo cha kukuzia vitone vidogo vilivyopangwa sawasawa, ajue kwamba ni kazi ya mashine, asilipe bei ya mkono. Akiisha kuinunua, aitundike mbali na moshi wa jiko na mbali na jua la dirishani, kwa kuwa jua hufifisha rangi.