ETI NI MAMBO YA NDANI!

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekuwa kimya, testi ziliniandama. Leo naandika nina hasira, na nyingi ni za kujikasirikia mwenyewe.

Wikiendi nilikuwa nyumbani Maili Moja. Mnaopajua mnajua, ukishaiacha barabara ya Morogoro ukaingia ndani kidogo nyumba zimebanana, jirani akikaanga samaki unajua ni samaki gani. Jumamosi kama saa nne usiku nikasikia mama wa nyumba ya pili analia. Anapigwa, na sio mara ya kwanza. Mnajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio.

Asubuhi nikamgusia mzee mmoja wa pale mtaani. Akacheka. "Mwanangu, wagombanao ndio wapatanao. Hayo ni mambo ya ndani." Nikatingisha kichwa kama nimeelewa, nikapanda zangu gari kurudi kampasi.

Njiani ndio nikaanza kujiuliza, mambo ya ndani kwa mujibu wa nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. 1971 jamani! Mimi nilikuwa sijazaliwa. Kwa hiyo tusisingizie kwamba haya ni maneno ya semina yaliyokuja juzi.

Na sio mama mmoja tu wa mtaani kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 4 katika kila 10, wa miaka 15 hadi 49, wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15. Hebu hesabu dada zako, shangazi zako, na mabinti uliokaa nao benchi moja leo.

Najua kuna msomi ataniambia hayo ni ya uswahilini. Ahaa! Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kuandamwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Enzi hizo Mlimani kulikuwa na "Punch", maandishi na michoro isiyo na jina la mwandishi, inabandikwa ukutani kumdhalilisha mtu, hasa mabinti. Wanaobandika hawahitaji kuwa wengi. Wanachohitaji ni watu wa kusimama, kusoma na kucheka. Sasa ukuta umehamia kwenye simu. Picha ya binti inarushwa kwenye grupu, sisi tunaweka vicheko halafu tunaenda kula.

Lakini kifo kile hakikupita kimya. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, kilipiga kelele. Wakaendelea kudai wao na wenzao mpaka ikapatikana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kumbe kelele zinafanya kazi. Isipokuwa za redio yangu.

Mtasema, ukiingilia kesho wanapatana wewe unabaki adui. Kweli inatokea. Ila sikwambii uvunje mlango wa mtu. Piga hodi, hata kama ni kuomba chumvi, ajue kuna wanaosikia. Mwite mwenyekiti wa mtaa. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, kazi yao ndio hiyo. Na asubuhi muulize yule mama, akiwa peke yake, kama anataka kusindikizwa. Akikataa usimlazimishe, yeye ndiye anayelala mle ndani. Ajue tu kwamba mlango wako uko wazi.

Adui wa siku mbili sio mbaya kuliko kwenda kwenye msiba huku unajua ulisikia kila kitu.

Wikiendi ijayo narudi Maili Moja. Redio itakuwa imezimwa. Nyie je?

Naomba kuwasilisha.