Jinnah hakuigawa India peke yake

Kila ikizungumzwa habari ya kugawanyika kwa Bara Hindi, lawama zote hutupiwa Mohammed Ali Jinnah. Eti ukaidi wake ndio uliozaa Pakistani. Imani hiyo imewasafisha wengi wasiostahili kusafishwa.

Machi 1946 Uingereza ilituma mawaziri watatu Delhi: Pethick-Lawrence, Cripps na Alexander. Tarehe 16 Mei wakatoa mpango wa katiba. India ibaki nchi moja, serikali kuu ishike ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano tu, na majimbo yajipange katika makundi matatu, mawili yakiwa na Waislamu wengi. Dai la Pakistani huru lilikataliwa waziwazi katika waraka huohuo. Hata hivyo, tarehe 6 Juni chama cha Jinnah, Muslim League, kiliukubali mpango. Ni kweli kilisema Pakistani ingali shabaha yake, lakini kilikubali kuingia katika India moja.

Congress, chama kilichoongoza madai ya uhuru, nacho kilikubali, ila kwa tafsiri yake: jimbo lisilazimishwe kuingia katika kundi lililopangiwa. Kisha tarehe 10 Julai, mjini Bombay, Nehru, aliyekuwa ndio kwanza ameshika urais wa chama, akawaambia waandishi wa habari kwamba Congress kinaingia katika Bunge la Katiba bila kufungwa na makubaliano, na kwamba huenda makundi yale yasiwepo kabisa. Makundi hayo ndiyo yaliyokuwa kinga kuu ya Waislamu ndani ya bunge ambamo Congress kingekuwa na wingi wa viti! Maulana Azad, aliyemwachia Nehru urais huo, baadaye aliandika kwamba kauli ile ilikuwa kosa.

Kabla Julai haijaisha, Muslim League kikajitoa katika mpango. Jinnah akaitisha maandamano ya 16 Agosti, na katika ghasia zilizofuata Calcutta, maelfu wakauawa. Kwa hilo simtetei.

Na Waingereza je? Walikuwa wameahidi kuondoka si baada ya Juni 1948. Mountbatten, mwakilishi wao wa mwisho India, akaharakisha hadi Agosti 1947. Radcliffe, mwanasheria ambaye kabla ya hapo hakuwahi kukanyaga India, alipewa takriban wiki 5 kuchora mipaka ya Punjab na Bengal, nayo ikatangazwa siku 2 baada ya uhuru.

Walimu wa historia, mkimtaja Jinnah darasani, watajieni wanafunzi na tarehe 6 Juni na 10 Julai 1946.