Maji ni Uhai: Watoto Wajue Njia ya Bomba



Watu wa Olbalbal wanaijua njia ya maji. Mvua ikinyesha, maji hushuka kutoka milima ya Ngorongoro. Mengine huja kwa korongo la Oldupai. Yote huishia katika bonde la Olbalbal. Hata mtoto anayechunga ndama anajua kwamba maji hushuka, hayapandi.

Bomba la mserereko hufuata njia hiyo hiyo. Lakini limefukiwa. Mtoto halioni. Kwa hiyo haoni ubaya wa kulitoboa ili ndama wanywe. Tusimchape tu. Tumwonyeshe.

Tafuteni dumu kuukuu, mpira wa maji wenye urefu wa hatua tano, sufuria, kikombe na msumari. Toboeni dumu karibu na kitako. Chomekeni mpira, mzibe vizuri. Wekeni dumu juu ya jiwe kubwa, mjaze maji. Dumu ni tangi. Mpira ni bomba. Fanyeni mambo haya:

1. Mtoto ashushe ncha ya mpira. Maji yanatoka. Aiinue juu kuliko maji ya dumu. Maji yanasimama. Sasa anajua kwa nini tangi hujengwa juu.

2. Ashushe tena ncha, akinge kikombe. Wengine wahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kijae.

3. Toboeni mpira kwa msumari, katikati. Jazeni dumu tena, mhesabu tena. Sasa kikombe kinachelewa kujaa. Huyo aliye mwisho wa bomba ni mama anayengoja na punda wake.

4. Lazeni tundu ndani ya maji ya tope. Fungeni maji juu, kwa kukunja mpira karibu na dumu. Maji yaliyomo yakishuka, tope huvutwa ndani. Fungulieni. Angalieni kikombe! Hivyo ndivyo uchafu na vijidudu vya kuhara huingia katika bomba lililotobolewa.

Maji msiyamwage. Yakingeni kwa sufuria, mwanyweshe ndama.

Ndugu, jambo hili si mchezo. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji vijijini. Kazi kubwa ilifanyika, lakini lengo halikufikiwa. Mitambo mingi iliharibika, na vijijini hapakuwa na watu wa kutosha waliofundishwa kuitunza. Bomba hujengwa kwa fedha. Hutunzwa na watu wanaolielewa.

Mtoto aliyetoboa mpira kwa mkono wake, akaona kikombe cha mwenzake kimeingia tope, hatalitoboa bomba la kijiji. Na akiona limetobolewa, atakimbia kutoa habari.

Jadilianeni:

1. Bomba la kijiji chenu linaanzia wapi? Watoto wanapajua?

2. Mifugo yenu inanywa wapi? Je, kuna birika lake?

3. Mtoto akiona bomba linavuja, amwambie nani?